Pumzi Niliyomwekea Baba

Juma lililopita nilipanda ngazi za nyumba ya mjukuu wangu Mwadi, kule Makomeno, na mfuko wa matembele mkono mmoja, kuku mzima chini ya kwapa. Ngazi kumi na nane. Nilizihesabu, kwa sababu kufika ya kumi na mbili niliona kifua changu kimekuwa kidogo kuliko kazi yake. Kuku alikuwa ametulia kuliko mimi. Mwadi anasomea kazi ya kunyoosha wagonjwa viungo na kuwafundisha kupumua, na alinikuta kule juu, mimi kambo yake, bibi mzima, nimeshika ukuta kama mlevi.

"Kambo, ikala kwanza. Usiseme kitu."

"Nani anasema?"

"Wewe, sasa ivi."

Akaniweka kwenye kiti. Kisha akaweka kiganja mgongoni mwangu, chini kidogo ya mabega, akakiacha pale. Hakusukuma wala hakusugua. Alikuwa anasikiliza kwa mkono tu. Mimi nimezaa saba, nimezika mume, nimeshikwa na watu wengi katika maisha haya, lakini pale mahali hakuna aliyekuwa amenigusa namna ile tangu utoto wangu. Machozi yakatoka. Mwadi akauliza wapi panauma. Hapakuuma popote. Nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa miaka tisa, mkono ni wangu, na mgongo ni wa baba.

Ninyi mliokulia kampi, kwenye nyumba za wafanyakazi, mnajua ninachosema, na ambaye hakukulia kampi asikilize tu. Sisi tuliishi mkononi mwa kampuni ya shaba. Nyumba ya matofali ilikuwa ya kampuni, na mlango wake, na rangi ya mlango. Siku ya posho mama alienda na karte yake, kadi yenye majina yetu, na magunia, nami nyuma yake na kopo la mafuta. Karani alisoma majina yetu, na kwa kila jina kipimo cha unga kilishuka: huu wa baba, huu wa mama, huu wangu, huu wa Kalenga, mdogo wangu. Chumvi vilevile, samaki wakavu vilevile. Mtoto akizaliwa, kipimo kinaongezwa. Hospitali ilikuwa ya kampuni, masomo ya kampuni, hata kaptula ya Kalenga. Kichwani mwangu hapakuwa na kitu duniani ambacho hakikupimwa na karani yule.

Na juu yetu sote kilisimama kile chimini kirefu, bomba la kiwanda, kinatoa moshi mchana kutwa. Upepo ukigeuka upande wetu, koo linawasha, macho yanachoma, na ulimini unapata ladha kama umelamba sarafu. Mama alikuwa anaanua nguo akitukana. Nami, mniamini msiniamini, ule moshi ninautamani mpaka leo. Kwetu moshi ulikuwa na maana kwamba baba yuko kazini.

Kitu kingine cha kusema, na ninakisema bila haya: nilikuwa na mbio. Masomoni hapakuwa na msichana wa kunifikia, na wavulana wa kunifikia walikuwa wawili, mmoja wao kwa kudanganya. Nilikimbia kwenda kisimani, nilikimbia kutumwa chumvi. Mama alikuwa anasema, "Huyu mutoto nilimuzaa na magurudumu." Na kuimba, mimi. Asubuhi, mbele ya bendera, kabla ya kuingia darasani, watoto wote tuliimbia Chama kilichotawala nchi na kucheza, ndiyo animasyo yenyewe, na mimi nilikuwa wa mstari wa mbele. Sauti yangu ilifika barabarani.

Baba yangu alifanya kazi kwenye matanuru, mahali shaba inayeyuka. Alikuwa na kinga, baiskeli nyeusi, aliyoipangusa kila jioni kuliko alivyotupangusa sisi. Kati ya kampi na kazi, njia ya masomoni vilevile, kulikuwa na mlima mdogo. Zamani aliupanda amekaa kitini, nami mbele kwenye chuma, anapiga mluzi. Anapanda mlima na anapiga mluzi! Kisha nikaona mluzi umekwisha. Kisha akawa anashuka chini nusu ya mlima na kusukuma. "Munyororo imelegea," aliniambia. Mnyororo haukuwa na kitu. Niliutazama mwenyewe.

Kila mwaka kampuni iliwapima wafanyakazi wake, ndiyo visite. Mtu aliambiwa akae, akahesabiwa pumzi. Kisha akaonyeshwa kibao kirefu kama goti, panda, shuka, panda, shuka, mara thelathini. Kisha anakaa tena, na infirmye, muuguzi wa kampuni, anatazama saa kuona pumzi inarudi upesi au inachelewa. Hapo ndipo ilipokuwa hukumu. Kuhema si kosa, kila mtu anahema. Kosa ni kuchelewa kurudi. Jirani yetu wa ukuta mmoja, baba ya rafiki yangu Nsenga, yake ilichelewa. Mwisho wa mwezi likaja lori, wakapakia kitanda, meza, kuku katika kapu, na Nsenga juu ya godoro, anapunga mkono kama anayekwenda sikukuu. Nyumba ya kampuni ni ya mtu wa kazi, na kazi ikiisha, nyumba inaisha. Usiku haukupita, watu wengine wakaingia.

Kwa hiyo baba alianza mazoezi. Kila Jumapili asubuhi alikaa kwenye kiti mlangoni, bila shati, na kuniita. Mimi nina jina la mama yake, basi aliniita Mama maisha yake yote.

"Mama, kuya. Leta mukono."

Ninaweka kiganja mgongoni. Yeye anashika saa yake. "Hesabu muzuri. Usiniibie ata moja."

Mgongo wa mtu aliyekaa kimya, jamani, ni kitu kizuri. Unapanda polepole, unashuka polepole, mabega hayana habari. Tumbo ndilo linalofanya kazi, linajaa na kunywea, kama mtoto aliyelala. Kumi na sita kwa dakika, kumi na saba. Kisha baba anapanda na kushuka ngazi ya mlango, na mimi ninahesabu kwa sauti, na Kalenga anaruka nyuma yake kumwiga. Akimaliza, mgongo umekuwa mtu mwingine. Mbavu zinafunguka chini ya vidole vyangu, mabega yanaitwa kusaidia, pua haitoshi, mdomo unafunguka, na ndani kabisa moyo unagonga kama mgeni aliyefukuzwa na mvua. Arobaini. Arobaini na mbili. Kisha tunangoja irudi. Kwangu mimi, alinionyesha, inarudi kabla hujamaliza kumenya karanga kumi. Kwake tulingoja. Mama alikuwa anapita na ndoo yake, anatazama pembeni. Kila Jumapili tulingoja zaidi kidogo, na ndani ya kule kuhema mkono wangu ulianza kusikia kitu kinakwaruza, kama mtu anatembea juu ya majani makavu.

Ikaja sikukuu ya kazi. Uwanjani kulikuwa na muziki wa tarumbeta, na watu wa kampuni wakaonyesha mambo yao. Kati yao walikuwa wale waokoaji, wanaoingia mahali pa moshi kutoa wenzao. Walibeba chupa za chuma mgongoni, na mpira unatoka kwenye chupa mpaka mdomoni. Sisi watoto tukawazunguka. Nikamuuliza mmoja, mtu mnene wa kucheka sana, "Baba, ndani mwa chupa muko nini?"

"Hewa, mwanangu."

"Ya nani?"

"Ya kampuni!" Akacheka. "Ya nani tena? Munaona, hii chupa, ukikala kimya, inaenda saa nzima. Ukikimbia, ata nusu haifike. Ni miguu njo inakunywa. Miguu inaomba, moyo inatuma mbio-mbio, kifua inavuta na kuvuta. Kisha unasikia ssss, imekwisha."

Wenzangu wakacheka na kufanya ssss. Mimi nilisimama pale kama nimepigwa kofi. Hewa ya kampuni. Kwa nini sikufikiri mapema? Unga unapimwa, mafuta yanapimwa, basi na pumzi inapimwa. Kuna chupa mahali fulani, na nyumba yetu ina fungu lake, baba, mama, mimi, Kalenga. Nani katika nyumba yetu anakimbia tangu jua kuchomoza? Nani anapaza sauti mbele ya bendera mpaka mishipa ya shingo inasimama? Niliitazama miguu yangu. Walevi wawili wembamba, wanakunywa fungu la baba.

Tangu siku ile nikaacha kukimbia. Nilitembea kama mtu aliyebeba yai kichwani. Nilivuta hewa kidogo kwa pua, naishika, nahesabu, naiachia polepole. Kalenga nilimkataza kuruka, na alipolia nilimziba mdomo kwa kiganja, maana kulia nako ni matumizi. Mama akanitazama siku mbili, siku ya tatu akashindwa.

"We, uko mugonjwa?"

"Hapana, mama."

"Basi juu ya nini unatembea kama mwenye mimba?"

Nikanyamaza. Maneno nayo yanatoka na hewa.

Masomoni ndiko nilikofikisha jambo pabaya. Asubuhi, watoto wanaimba, mimi nafungua mdomo bila kutoa kitu. Wanacheza, mimi nasimama. Mwalimu alinivuta sikio, siku nyingine fimbo mbili. Nilivumilia, sikulia hata kidogo, mnajua kwa nini. Leo mtu atacheka, lakini ninyi wa rika langu mnakumbuka wakati ule ulivyokuwa: kutokuimbia Chama halikuwa jambo la mtoto. Watu wangeuliza amefundishwa nini nyumbani, na nani amemfundisha, na jibu lingefika kazini kwa baba kabla baba hajafika mwenyewe. Mimi sikujua. Mimi nilikuwa naweka akiba.

Siku moja direkta, mwalimu mkuu wetu, akanitoa mstarini, akanipeleka ofisini kwake, na akatuma mvulana wa darasa la sita kwenda kumwita baba. Juma lile baba alikuwa anaingia kazi mchana, kwa hiyo alikuwepo nyumbani. Sijui yule mvulana alimwambia nini. Nadhani alimwambia, "Mutoto wako banamushika," kwa sababu baba alikuja kwa kinga, mlima wote, bila kushuka. Nilimwona dirishani. Aliiangusha kinga yake chini vumbini, yeye aliyeipangusa kila jioni, akaingia.

Direkta alikuwa amekaa nyuma ya meza, na beji ya Chama kifuani. "Sitwayen," akasema, ndivyo watu walivyoitana wakati ule, "mutoto wako anafunga kinywa saa ya kuimbia Chama. Karibu wiki mbili. Nani anamufundisha ivi?"

Baba akafungua mdomo. Hakuna neno lililotoka. Aliinua kidole kimoja, kile cha kuomba "ngoja kidogo", na kifua chake kikawa kinapanda na kushuka mpaka vifungo vya shati vinavutana. Mabega yamefika masikioni. Midomo imekuwa rangi ya majivu.

"Ninakuuliza, na wewe unanyamaza?"

Kidole kikabaki juu. Direkta akasimama. Alifikiri ni kiburi.

"Usimuulize!" Nilipiga kelele, kelele ya wiki mbili nzima. "Unamumalizia! Hakatae kujibu, haijarudi! Haijarudi!"

"Nini haijarudi?"

Basi nikasema yote. Chupa, karte, miguu inayokunywa, visite ya mwisho wa mwezi, lori la Nsenga. Nikasema si baba aliyenifundisha, ni mimi mwenyewe niliyekuwa ninamwekea. Nikasema kama lazima niimbe nitaimba, lakini baada ya visite, tafadhali, baada ya visite. Nilisema mpaka nikaishiwa mwenyewe, nikawa nahema kama yeye, na chumba kile kikawa hakina sauti isipokuwa sisi wawili tunavuta hewa, mimi juu-juu, yeye kutoka chini kabisa.

 Direkta akazunguka meza yake, akachukua kiti chake mwenyewe, kile chenye mto, akakiweka nyuma ya baba.

"Ikala, baba," alisema. Hakusema sitwayen tena. Akaenda kufungua dirisha, na akabaki pale ametugeuzia mgongo, mpaka tulipotoka. Habari ile haikufika popote.

Tulirudi kwa miguu, kinga katikati yetu. Tukafika chini ya mlima, kwenye mikaratusi. Baba akakaa juu ya jiwe.

"Siku ngapi umefanya ivi?"

"Tangu sikukuu."

Akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akatema mate pembeni, akayafunika kwa udongo na kiatu, kama paka. Kisha akasema, "Ona ule muti wa mwisho? Kimbia. Enda, rudi."

"Baba, hapana."

"Mama. Kimbia, ninakuambia."

Nikakimbia. Wiki mbili miguu yangu ilikuwa imefungwa, na nilipoifungua, jamani, sikugusa chini. Nilienda, nikarudi, nikasimama mbele yake nahema. Akaweka kiganja chake kikubwa mgongoni mwangu, akatoa saa. Tukasubiri. "Umeona? Isharudi." Kisha akachukua mkono wangu, akauweka mgongoni mwake. Yeye alikuwa amekaa muda wote ule, na majani makavu bado yalikuwa yanatembea mle ndani.

"Hewa haiko ya kampuni," akasema, neno, pumzi, neno, pumzi. "Haiko mu karte. Iko apa inje, kila mutu anavuta yake. Wewe haukunikulia kitu. Ni mule ndani mwangu njo mumeharibika. Ata ungenyamaza mwaka muzima, haingekuja kwangu."

Watu wanafikiri nilifurahi. Sikufurahi. Nililia njia nzima. Nilitaka sana kuwa mwizi, kwa sababu mwizi anaweza kurudisha alichoiba. Sasa sikuwa na kitu cha kumrudishia.

Mwisho wa mwezi alienda visite. Alivaa shati jeupe. Alirudi, akaegemeza kinga ukutani, akaipangusa kuliko siku zote, tairi mpaka kengele. Mama alisimama mlangoni na mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi, hakuuliza. Mimi niliuliza.

"Ulifikisha ngapi?"

"Zote thelathini," alisema. "Nilipanda zote." Akatundika kitambaa. "Ni kurudi, Mama. Kurudi njo ilinishinda."

Lori likaja. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa juu ya godoro, na nilijua si sikukuu. Kinga ilibaki kwa mtu aliyeinunua. Tulienda Kasenga, kwa ndugu za mama, kando ya Luapula. Hewa ya kule ni safi, inanuka samaki na maji tu. Wote walisema itamfaa. Na ilimfaa miezi kadhaa, alitembea mpaka mtoni, akapiga mluzi mara moja. Mara moja, nilimsikia. Kisha akarudi kwenye kiti, na kiti kikabaki chake.

Kuhesabu hatukuacha. Alipokaa kimya kabisa, mgongo wake ulikuwa unafanya kazi niliyoijua zamani kama ya kupanda ngazi. Thelathini, na hajainuka. Thelathini na nne. Kuhema kwa mtu anayekimbia, katika mwili wa mtu aliyekaa. Sikumwambia namba tena. Nilianza kumwibia, ninasema ishirini, na yeye alijua, anasema, "Muzuri."

Siku ya mwisho ilikuwa mchana, mama ameenda kuanika samaki. Baba akaniita kwa kidole, kile kidole.

"Mama. Kimbia."

"Wapi, baba?"

Akaonyesha ua, kutoka kiti mpaka kwenye mihogo. Nikakimbia. Nikageuka, akaonyesha tena. Nikakimbia mara tatu, mara nne, vumbi linapanda, majirani wananitazama, na yeye anafuata kwa macho, mdomo wazi, kama mtu anayekunywa. Niliporudi nahema, akanivuta, akanikalisha chini miguuni pake, na akaweka kiganja mgongoni mwangu. Akaanza kuhesabu yangu kwa sauti ndogo. Moja. Mbili. Tatu. Nilisikia kifua changu kinatulia chini ya mkono wake, kinatulia, kinatulia.

"Inarudi," akasema.

Kisha akanyamaza. Mkono ulibaki pale. Nilifikiri bado anahesabu, na sikutaka kumkatiza, basi nilikaa bila kusogea, muda mrefu, mpaka mama aliporudi kutoka kwenye samaki na kuangusha kapu.

Sasa mjukuu wangu ana vyombo vyake, ana vitabu vyenye picha ya mapafu yamepakwa rangi mbili. Alinieleza kila kitu, jinsi nyama ile chini ya mapafu inavyovuta, jinsi damu inavyopokea. Anajua sana, na mimi ninajisifu naye kwa kila mtu sokoni. Chimini bado kimesimama pale mjini. Nikipita, ninanusa hewa kama mbwa. Sijui ninatafuta nini. Ninajua ninachotafuta.

Siku ile Makomeno, juu ya zile ngazi, Mwadi alitazama saa yake, kiganja bado kiko mgongoni mwangu.

"Kambo, iko inarudi muzuri."

Ilikuwa imesharudi kitambo. Niliisikia mwenyewe. Lakini nikaendelea kuhema kidogo, kidogo tu, ili asiondoe mkono.